Babu daktari aliyekuwa anafungisha ndoa

Kwenye ukoo wa mume wangu kuna babu mmoja wa zamani sana ambaye familia nzima ilikuwa inaamini alikuwa mchungaji. Na huwezi kuwalaumu, maana ukifungua rejista ya ndoa ya ule mji wao mdogo huku New Hampshire, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, kurasa za mwishoni mwa miaka ya 1700, jina lake limejaa, fulani na fulani wamefungishwa na yeye, mstari wa chini tena yeye, unageuza ukurasa bado yeye. Mama mkwe alikuwa anaisimulia hiyo habari kila Krismasi kwa fahari kabisa. Wifi yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye ugonjwa wa kutafuta mababu, akaanza kusaka kanisa lake. Kanisa hakuna. Akasaka kaburi, kaburi lipo, na kwenye jiwe kumechongwa jina na cheo cha daktari, basi, habari za uchungaji hata herufi moja hamna.

"Haya, daktari anafungisha ndoa kwa mamlaka gani?" wifi akauliza mezani, na watu wote wakanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ndiye peke yangu pale niliyefanya mtihani wa uraia.

Kusema ukweli mimi sikushtuka kama wao. Nimekulia Tanga, na kwetu watu wanaenda bomani wanafunga ndoa mbele ya mkuu wa wilaya na hakuna anayeuliza mkuu wa wilaya kasomea seminari gani. Halafu isitoshe ndoa yetu sisi wenyewe haikufungwa kanisani wala msikitini, tulilipa dola 50 za leseni kwa karani wa mji, tukamwita mlinzi wa amani, mzee mmoja jirani kabisa, akatusomea maneno sebuleni, tukasaini, tukala. Mlinzi wa amani huku si yule mnayemsikia kwenye kesi za Bongo, anayeandika ungamo la mshtakiwa. Ni raia wa kawaida tu anayeteuliwa na gavana na baraza lake kwa miaka 5, anashuhudia saini, anaapisha watu, na akiitwa anafungisha ndoa. Mume wangu alishakuwepo kwenye harusi kibao za namna hiyo ikiwemo ya kwake mwenyewe, ila hakuwahi kuunganisha na habari ya babu. Watu bwana.

Sasa nikaanza kusoma, na nikanogewa.

Kitu cha kwanza ni kwamba wale Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliohamia pande hizi, pamoja na dini yao yote ile kali, hawakutaka kabisa mchungaji aguse ndoa. Ungetegemea kinyume chake. Hoja yao ilikuwa kwamba Biblia haijampa mchungaji kazi hiyo popote, ndoa ni makubaliano ya watu wawili yanayogusa mali na urithi na watoto, kwa hiyo ni kazi ya serikali. Ndoa ya kwanza kwenye koloni lao la Plymouth ilifungwa tarehe 12 Mei 1621, bwana harusi Edward Winslow, bibi harusi Susanna White, wote wawili wafiwa wa majira ya baridi yaleyale, mwenzi wa huyu kazikwa Februari na wa yule Machi, na Mei wakaoana mbele ya hakimu. Gavana wao William Bradford aliandika kwamba walifuata desturi ya Uholanzi, ambako waliishi kabla ya kuvuka bahari. Huyuhuyu Winslow baadaye akawa yeye mwenyewe anafungisha ndoa za watu kama hakimu, akaenda London miaka ya 1630 kwa shughuli za koloni, na Askofu Mkuu Laud akambana: wewe si kasisi, umefungisha ndoa? Akakubali, na akaeleza kwa nini. Wakamtupa jela wiki 17. Wiki 17, na kosa mojawapo ni kuwaozesha watu! Massachusetts waliendelea na msimamo huo mpaka 1692 ndipo sheria ikawaruhusu wachungaji nao wafungishe, lakini walinzi wa amani hawakunyang'anywa, wakawa wote wawili, na New Hampshire pia mambo yakawa hivyohivyo, unaenda kwa mchungaji au unaenda kwa mlinzi wa amani, chaguo lako.

Matajiri wa Kianglikana walikuwa na yao. Gavana wa Mfalme hapa New Hampshire, Benning Wentworth, mjane mwenye zaidi ya miaka 60, mwaka 1760 aliita wakubwa wa Portsmouth nyumbani kwake kwa chakula, na katikati ya shughuli akamwagiza kasisi Arthur Browne amfungishe ndoa palepale na mtumishi wake wa ndani, Martha Hilton. Wageni walibaki wameshika glasi. Hiyo nimeiweka tu kwa sababu inanifurahisha.

Rudi kwa daktari. Cheo cha mlinzi wa amani hakikuhitaji shahada ya sheria, kilihitaji mtu anayejua kusoma na kuandika vizuri, mwenye jina, mwenye farasi, na ambaye majirani wakigombana watamsikiliza. Sasa katika mji wa mashamba wenye familia mia na kidogo ni nani ana sifa zote hizo? Mchungaji ana mambo yake. Mwenye duka anawadai watu. Anabaki daktari, ambaye anazijua nyumba zote, anajua nani anakunywa, nani anampiga mkewe, binti wa nani ana mimba na ya nani, na keshaingia kila chumba cha kulala cha mji ule. Daktari mwenyewe uganga ulikuwa haumlishi. Watu walimlipa kwa nafaka, kuni, sufu, au walikuja kumsaidia kuvuna majani ya ng'ombe, fedha taslimu ilikuwa adimu, kwa hiyo alikuwa mkulima pia, na ada ndogondogo za mlinzi wa amani zilisaidia.

Mfano mzuri, na huyu namtaja kwa jina kwa sababu ni mtu wa historia, ni Josiah Bartlett wa Kingston. Kingston ni mji mdogo kusini mwa New Hampshire, nyumba yake bado ipo pale, na mbele yake kuna mti mkubwa ambao inasemekana alirudi na mche wake kutoka Philadelphia mwaka 1776. Amezaliwa Amesbury, Massachusetts, 1729. Akiwa na miaka 16 akapelekwa kwa daktari wa palepale, Nehemiah Ordway, akajifunza kwa kumfuata nyuma, kusaga dawa, kushika miguu ya watu wakati wanakatwa, na kusoma vitabu vichache vilivyokuwepo. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa kwa karibu madaktari wote, chuo cha kwanza cha udaktari kwenye makoloni kilianza Philadelphia 1765 tu, na cha Dartmouth hapa kwetu 1797. Mwaka 1750 akahamia Kingston, kijana wa miaka 21, akafungua kazi.

Na Kingston haikuwa mji wa kawaida kwa mambo ya ugonjwa. Miaka 15 kabla hajafika, Mei 1735, ndipo lilipoanzia lile janga la dondakoo lililokuja kutapakaa New England yote, yaani pande hizi zote za kaskazini mashariki. Wagonjwa 40 wa mwanzo pale Kingston walikufa wote. Wote, na wengi wao watoto. Kwa hiyo huyu kijana alikuja kutibu wazazi waliozika watoto watatu wanne kwa wiki chache, watu ambao hawana sababu yoyote ya kumwamini daktari.

Halafu akaugua yeye. Homa kali, akalala kitandani, na tiba ya wakati ule mnajua ilivyokuwa, funga madirisha, washa moto, mfunike mgonjwa mablanketi, na maji ya baridi marufuku. Daktari aliyekuwa anamtibu alishakata tamaa. Bartlett usiku akawabembeleza vijana waliokuwa wanamkesha wamletee pombe ya matofaa ya baridi, anywe kidogokidogo, nusu kikombe, anasikilizia, nusu kikombe tena. Hadi asubuhi alikuwa ametokwa jasho jingi na homa imeshuka. Mtu mwingine angesema Mungu kanisaidia akaishia hapo, yeye akaanza kujiuliza ni mangapi tena tunawafanyia wagonjwa kwa sababu tu ndivyo tulivyofundishwa. Dondakoo iliporudi 1754 akajaribu magome ya mti wa Peru, yaleyale yanayotoa kwinini, badala ya kuwatoa watu damu mpaka wazimie, na jina lake likapanda kuanzia hapo.

Basi ndo yanakuja mavyeo. 1765 anachaguliwa kwenye bunge la koloni, serikali ya Mfalme inampa ulinzi wa amani, kisha anakuwa kanali wa wanamgambo. Lengo la gavana John Wentworth, mpwa wa yule mzee wa harusi ya chakula, lilikuwa wazi, mpe mtu maarufu cheo atulie. Hakutulia. Mwanzoni mwa 1774 nyumba yake ikaungua, minong'ono ikasema ni wafuasi wa Mfalme, yeye akajenga nyingine palepale. Mwaka 1775 gavana akamvua ulinzi wa amani na ukanali, yote. Kwa hiyo ukikuta mlinzi wa amani ghafla katoweka kwenye rejista za 1775, usikimbilie kusema amekufa, inawezekana siasa zimempitia. Hii ilitusaidia na kwa babu yetu pia ila hiyo ni habari ndefu.

Mwaka uliofuata akawa Philadelphia kwenye Kongresi. Kura za uhuru zilipigwa kuanzia koloni la kaskazini kushuka kusini, na kaskazini kabisa ni New Hampshire, kwa hiyo daktari wa Kingston ndiye aliyeulizwa wa kwanza, akasema ndiyo. Na kwenye Azimio la Uhuru alisaini baada tu ya mwenyekiti John Hancock. Vita ya uhuru ilipokuja upande wa Bennington 1777 alipeleka dawa kwa askari wa New Hampshire. Baadaye akafanywa jaji, kisha jaji wa mahakama ya juu, 1788 akawa jaji mkuu, na hajawahi kusomea sheria hata siku moja. Kisha mkuu wa jimbo kuanzia 1790, na 1792 cheo kikabadilishwa kuwa gavana. Katikati ya hayo yote, 1791, wakaanzisha chama cha madaktari cha New Hampshire, rais wa kwanza ni yeye.

Lakini mimi nikisoma habari zake macho yanakwenda kwa mke wake. Mary Bartlett, binamu yake, walioana Januari 1754, watoto 12, wengine walikufa wachanga. Mume yuko Philadelphia anapigia kura uhuru, yeye yuko Kingston na mimba, na shamba, na vibarua, na majani ya ng'ombe yanayotakiwa kukatwa kabla mvua haijaharibu, na nyumba iliyoungua juzijuzi. Barua zao zipo, na ukizisoma za kwake nusu ni siasa na nusu ni hali ya mahindi na kitani. Watoto wao wa kiume watatu waliokua, Levi, Josiah na Ezra, wote wakawa madaktari, na wajukuu saba nao wakawa madaktari. Vitabu vinasema walirithi kwa baba. Sawa, lakini baba hakuwepo nyumbani miaka mingi, aliyewalea wakaweza kusoma ni nani? Huyo Josiah mdogo alikwenda hadi bungeni Washington, Ezra akawa jaji pia juu ya udaktari. Yaani ni ukoo mzima wa mtu mmoja kazi nne.

Sasa harusi yenyewe ilikuwaje. Hapa aliyetuachia maelezo mazuri si daktari, ni mkunga, Martha Ballard wa Hallowell, Maine, aliyeandika shajara kuanzia 1785 mpaka 1812 anakufa, na humo ndani amezalisha zaidi ya mara 800. Mwaka 1792 peke yake kwake kulikuwa na harusi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya fedheha kidogo. Sheria ya wakati ule, msichana asiye na mume akiwa kwenye uchungu mkunga lazima amuulize baba ni nani, na akitaja jina katika hali ile mahakama inamwamini. Oktoba 1791 Martha yuko anamzalisha Sally Pierce, anauliza, na Sally anamtaja Jonathan Ballard. Mtoto wa Martha mwenyewe! Akaandika hivyohivyo kwenye shajara, hakuficha. Februari iliyofuata Jonathan na Sally wakaoana. Na msidhani ni ajabu, mtafiti aliyeichambua hiyo shajara alikuta karibu 4 kati ya wazazi 10 wa mtoto wa kwanza walibeba mimba kabla ya ndoa. Nilipomwambia mama mkwe alisema hataki kusikia.

Harusi ya pili, ya binti yake Hannah, ilikuwa Oktoba. Jioni, nyumbani, na aliyefungisha ni Esquire Cony kama Martha anavyomwandika, yaani mlinzi wa amani, mchungaji hayupo. Katika ukoo huohuo wa Cony ndimo alimokuwa Daniel Cony, daktari wa pale na jaji na mbunge, sampuli ileile ya Bartlett. Hakuna shela, hakuna gari la maua, hakuna fungate. Na baada ya kufungishwa bibi harusi hakwenda popote, alibaki kwa mama yake zaidi ya mwezi mzima wanashona mafarishi ya kitanda, wananunua sufuria na vijiko, mume anakuja na kuondoka, ndipo siku moja wakahamia kwao. Huo ndo ulikuwa mwanzo wa nyumba, sio siku ya kiapo. Kabla ya yote hayo karani wa mji alikuwa lazima atangaze nia yao hadharani, ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada ya ndoa aliyefungisha anapeleka taarifa kwa karani, karani anaandika. Hiyo taarifa ndiyo leo wifi yangu anaikodolea macho kwenye kompyuta usiku wa manane. Shajara yenyewe ilishuka kwa wanawake wa ukoo mpaka ikamfikia kilembwe wa Martha, yaani mtoto wa kitukuu wake, Mary Hobart, mwaka 1884, mwaka uleule aliohitimu udaktari. Mwaka 1930 akaikabidhi maktaba ya jimbo la Maine.

Kwa mnaotafuta watu wa pande hizi, rekodi za ndoa za New Hampshire za kuanzia 1637 ziko mtandaoni kwa sura ya kadi, na usisome majina ya maharusi tu ukaondoka, soma na aliyefungisha. Ukiona Esq., yaani Esquire, baada ya jina huyo si mchungaji. Tungelijua hilo mapema tungeokoa Krismasi nyingi.

Na usidhani walinzi wa amani wote walikuwa Wazungu. Newmarket, mwendo wa saa chache kwa farasi kutoka Kingston, alikuwepo Wentworth Cheswell, mjukuu wa mtu aliyekuwa mtumwa akaachiwa huru akanunua ardhi yake 1717. Mjukuu akasoma, akachaguliwa konstebo mwaka 1768, akashika karibu kila kazi ya mji, na kuanzia 1805 mpaka anafariki 1817 akawa mlinzi wa amani. Wakati huohuo kule kusini sheria ilikuwa haitambui kabisa ndoa ya mtumwa, watu wanaishi miaka 30 na watoto kumi na mbele ya serikali si mke na mume. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaisha na utumwa ukafutwa, North Carolina ikatunga sheria 1866, waliokuwa watumwa waende kwa karani wa mahakama au kwa mlinzi wa amani watamke kwamba ni mume na mke na tangu lini, senti 25. Nimeona picha za kurasa hizo. Jina, jina, miaka 40. Jina, jina, miaka 22. Niliacha kusoma nikaenda kuosha vyombo.

Kwamba karatasi ya namna hii ni kubwa kiasi gani muulizeni Abraham Lincoln, maana hadi anakufa 1865 kulikuwa na watu wanamnong'ona kwamba wazazi wake hawakuoana. Walitafuta kwenye rekodi za Hardin County, Kentucky, wakakosa. Mwaka 1878 ndipo ikapatikana kaunti nyingine, Washington County, Thomas Lincoln na Nancy Hanks, 12 Juni 1806, na aliyefungisha ni Jesse Head, shemasi wa Kimethodisti, fundi seremala, na mlinzi wa amani.

Na daktari? Daktari alikuwepo, ila kama mgeni. Christopher Columbus Graham, daktari wa Kentucky aliyeishi mpaka miaka 100, uzeeni kabisa aliapa kwamba siku hiyo alikuwa porini anachimba mizizi ya dawa zake, akasikia kuna harusi, akaingia ili apate chakula cha jioni. Wanahistoria wengine wanamkunjia uso, wanasema mzee wa umri ule atakumbuka nini cha miaka zaidi ya 70 nyuma. Lakini alitaja nyama ya dubu, paa, bata mzinga wa porini, mayai ya kufugwa na ya porini, vipande vya sukari ya utomvu wa mti wa maple vimefungwa kwenye uzi mtu anang'ata na kahawa au wiski, utomvu huohuo mzito kama asali kwenye vibuyu, na kondoo mzima kaokwa shimoni juu ya makaa, kafunikwa matawi mabichi ili mchuzi usipotee. Mtu anayeeleza mpaka yale matawi mimi simkatalii.